Mshono Usiovuja

Jumatatu, 5 Mei

Makoo ya kuku yalifika na barafu yake. Zubeda aliyaosha, akayapanga kwenye trei kama vyombo vya upasuaji. Kwa mazoezi yetu, koo ndiyo njia ya mkojo. Kifuko kinachofuata ndicho kibofu. Unakata katikati, kisha unaunganisha upya kwa uzi. Mwanzoni tulitaka viungo vya nguruwe. Zubeda akasema yeye hatavigusa, na yeye ndiye muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji. Basi kuku, kutoka Soko la Kenyatta. Muuzaji anadhani nafuga mbwa.

Roboti bado iko kwenye majaribio. Yakiisha, hospitali itaamua ibaki au irudi ilikotoka. Tumeileta kwa kazi moja, kutoa tezi dume yenye saratani. Daktari anaketi kwenye konsoli pembeni ya chumba, uso umezama kwenye kioo cha kutazamia. Mikono minne ya chuma iko kule kwenye meza, kwa mgonjwa. Ukisogeza kidole, chuma kinasogea.

Mimi ndiye mkuu wa idara. Mgonjwa wa kwanza ni wangu. Hilo halijawahi kujadiliwa.

Leo nilishona makoo kadhaa. Uzi ulipasua nyama tena na tena. Navuta, sihisi kitu, ghafla imechanika. Ni kama kushona kwa mikono ya mtu mwingine.

Mvua. Ngong Road yote maji mpaka huku Woodley.

Jumatano, 7 Mei

Daktari Simran ameketi baada yangu. Koo lake halikuvuja. La pili pia. Alikuwa akizungumza na Zubeda huku anashona.

Simran nilimfundisha mimi. Mtoto wa hapa hapa Hurlingham, familia ya Kalasinga wenye duka la vifaa vya umeme. Alikuja kwangu hajui kushika kisu. Baadaye alikwenda India mwaka mzima kujifunza mashine hii, na barua ya kumpeleka niliandika mimi. Kwa sasa ni yeye peke yake hapa mwenye cheti chake. Kwa hiyo yeye ndiye anayetupima sisi wengine. Hilo pia nililipendekeza mimi.

Kanuni aliyoweka ni rahisi. Makoo matatu mfululizo. Yanajazwa maji. Yasivuje hata tone.

"Umezoea kuvuta mpaka vidole vikuambie imetosha," aliniambia. "Huku vidole havisemi kitu, Daktari. Angalia nyama. Ikianza kuwa nyeupe, wacha hapo."

Nikamwambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa.

Ijumaa, 9 Mei

Mgonjwa amepatikana. Bwana Ondiek, mwenye shule ya udereva karibu na Kenyatta Market. Mrefu, mashavu makavu, kalamu tatu kwenye mfuko wa shati. Saratani ya tezi dume, bado haijatoka nje ya tezi. Ndiye hasa mtu tunayemtaka.

Kaka yake nilimpasua zamani, mawe ya kibofu. Yuko hai, analima miwa kwao. Ndiyo sababu Bwana Ondiek alikuja kwangu na si kwingine. Nilimweleza habari za roboti. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mashine, kisu, hayo ni yako," alisema. "Mimi nimefuata mkono wako."

Mkurugenzi wa hospitali amefurahi. Tarehe imewekwa, mwisho wa mwezi huu. Anataka kualika waandishi wa habari.

Jumanne, 13 Mei

Nilibaki peke yangu baada ya kliniki. Koo la kwanza kavu. La pili kavu. La tatu, tone moja likatoka chini ya mshono, likaning'inia, likadondoka. Kisha jingine.

Nilisema meza imetikisika. Nikamwita fundi wa kampuni aikague mashine. Akaikagua kila kiungo. Mashine haina shida.

Alhamisi, 15 Mei

Asubuhi nilimpasua mtu kwa mkono. Tezi kubwa kama chungwa. Mkono uliingia, vidole vikajua njia, damu ikasimama pale nilipotaka isimame. Sikuhitaji hata kutazama. Niliimba kidogo, Zubeda asema.

Mchana kwenye konsoli. Uzi ukalichana koo la kwanza, ukalichana la pili. Nikaondoka kabla ya la tatu.

Nina miaka sitini na moja. Kila ninachokijua kimo kwenye ncha za vidole hivi. Mashine haivihitaji. Naona aibu, na sikumbuki mara ya mwisho kuona aibu kazini.

Jumamosi, 17 Mei

Mke wangu Rose aliniuliza nashona nini. Nilikuwa nakula ugali, mkono wa kushoto unazunguka peke yake mezani. Nikamwambia sishoni kitu. Akasogeza bakuli la mboga karibu nami.

Jumatatu, 19 Mei

Mtihani wenyewe. Simran kwenye kiti cha nyuma, Zubeda kwenye trei.

La kwanza kavu. La pili kavu. La tatu nilikwenda polepole, nikatazama nyama kama alivyosema, nikaridhika. Zubeda akamimina maji. Yakatoka upande wa nyuma, pale ambapo jicho halifiki vizuri. Si tone. Mchirizi.

Nikamwambia Simran mawili kati ya matatu yatosha kwa mtu wa uzoefu wangu. Karatasi ilikuwa mbele yake.

"Daktari, hiyo siwezi kutia sahihi."

Aliyasema kwa upole, mbele ya Zubeda. Upole ule ndio ulioniudhi. Nikamuuliza nani alimfundisha kufunga fundo.

"Ni wewe."

Hakuinamisha macho. Zubeda aligeuka akaanza kuosha trei iliyokuwa safi.

Nilimchukia. Sasa ni jioni, nimekula, nimeoga, na bado namchukia.

Jumanne, 20 Mei

Mkurugenzi aliniita kwa chai. Habari ilikuwa imemfikia. Si kwa Simran, nadhani. Hospitali ni ndogo.

Hakunilaumu. Alikuwa na suluhisho tayari. Niketi kwenye konsoli mwanzo na mwisho. Pale pa kushona, Simran achukue kiti. "Mgonjwa amelala," akasema. "Nani atajua? Watu wanalijua jina lako, Daktari. Huyu msichana hawamjui bado."

Akanionyesha bango. Limeshachapishwa. Mimi, miwani, mikono nimeikunja kifuani, mashine nyuma yangu. Picha nzuri. Nimetoka kijana.

Nilisema nitafikiria. Sikusema hapana.

Jumatano, 21 Mei

Nilijaribu tena, bila Simran. Yote yalivuja. Mabaya kuliko ya wiki ya kwanza.

"Makoo yamekwisha," Zubeda akasema.

"Agiza mengine."

"Sawa. Lakini yatafika kesho."

Nilikaa pale kwenye konsoli na taa imezimwa. Kuku wapo wengi. Bwana Ondiek ana njia moja ya mkojo. Mshono ukivuja ndani ya mtu, mkojo unamwagika tumboni. Anakaa na mrija wiki kwa wiki. Pakipona vibaya, kovu linaziba, au hawezi kuuzuia mkojo tena, anavaa nepi mpaka afe. Nimewaona watu hao. Wengine walikuja kwangu wakiwa wameharibiwa kwingine, na niliwasema vibaya madaktari wao.

Na hata Simran akishona yeye, Bwana Ondiek atakuwa amelala akiamini ni mimi.

Ijumaa, 23 Mei

Nilikwenda kwa Bwana Ondiek. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya saluni. Katikati kuna meza yenye mji mdogo uliochorwa, barabara, mzunguko, vivuko vya waenda kwa miguu, na vigari vya mbao vya kufundishia. Aliponiona mlangoni alisimama.

"Daktari ukimfuata mtu mpaka kazini kwake, habari si nzuri."

Nikamwambia ugonjwa uko palepale, haujasonga. Shida ni mimi. Nimepimwa kwenye ile mashine na sijafaulu. Kwa hiyo ana njia mbili. Nimpasue kwa mkono, kama kaka yake. Kidonda kikubwa, damu zaidi, siku nyingi za kupona, lakini kazi hiyo naijua. Au roboti kama tulivyopanga, na atakayeiendesha ni Daktari Simran.

"Yule msichana wa kilemba?"

"Kilemba ni cha babake. Yeye ni yule mwenye miwani. Ulimwona kliniki."

"Mimi nilikuja kwako."

"Najua."

Alikasirika. Hakupaza sauti. Alikwenda dirishani, akatazama chini ambapo mwanafunzi wake mmoja alikuwa akirudi nyuma na gari, akizima, akiwasha, akizima. Nikadhani ameniacha niondoke.

"Ungekuwa wewe ndiye unayelala pale," akasema bila kugeuka, "ungemtaka nani?"

Sikutaka kujibu swali hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengine yote. Kulikuwa na kigari cha bluu mbele yangu kwenye ule mji mdogo. Nikakisogeza mpaka kwenye mzunguko.

Kushona kwangu kwa mkono ni kuzuri. Kushona kwake kwenye mashine sijakuona kukivuja, na ndani ya nyonga anaona mahali ambapo mimi hupapasa tu.

"Simran," nikasema.

Neno lilitoka kavu. Ndiyo mara ya kwanza kulisikia nje ya kichwa changu.

Akarudi akaketi. Akakitoa kigari changu kwenye mzunguko, maana nilikuwa nimekiweka upande usio wake.

"Mwanafunzi akiiva, mimi hukaa kushoto nikanyamaza," alisema. "Wengi wanashindwa hapo. Mkono unataka kushika usukani. Wewe utakuwa wapi?"

"Ndani. Kando ya meza."

"Kushoto?"

Nikafikiri. "Kulia kwako."

Alicheka kidogo, kupitia puani. Kisha akaniuliza kama ataruhusiwa kunywa chai asubuhi ile. Nikamwambia hapana.

Jumamosi, 24 Mei

Nilimwambia Simran. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akauliza nani atasimama kando ya mgonjwa.

"Mimi."

"Daktari, hiyo si kazi yako. Ni kazi ya daktari mchanga, kunyonya damu na kubadilisha vyombo."

"Naijua ni kazi ya nani."

Tukafanya mazoezi mchana kutwa, yeye kwenye konsoli, mimi mezani. Sauti yake inanifikia kwa spika. Nyonya hapo tafadhali. Sogeza tafadhali. Ikiwezekana uvute kidogo tafadhali. Nikamwambia damu haingoji tafadhali. Akaacha. Baada ya hapo tulikwenda vizuri.

Mkurugenzi nilimpigia simu. Akasema waandishi wa habari basi hawatakuja, na kwamba nimemwangusha. Kweli, nimemwangusha. Bango lilikuwa limeshatundikwa pale mapokezi. Watalitoa Jumatatu.

Namwonea wivu Simran. Simchukii tena. Ni vitu viwili, nimegundua.

Jumatano, 28 Mei

Bwana Ondiek amelazwa. Mkewe amekuja kutoka Kisumu na blanketi lake mwenyewe, haamini ya hospitali. Walisali. Wakamwombea Simran kwa jina. Wakaniombea na mimi, kama msaidizi.

Alhamisi, 29 Mei

Imefanyika.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Bwana Ondiek alilazwa kichwa chini, miguu juu, tumbo likajazwa hewa. Matundu madogo, mikono ya chuma ikaingia. Simran akaenda kwenye konsoli kwenye kona, akavua viatu, akaingiza uso. Toka hapo alikuwa sauti tu.

Mimi na kifaa cha kunyonyea. Nyonya. Inua. Toa uzi. Leta mkasi. Nilifanya nilivyoambiwa. Miaka mingi hakuna mtu aliyeniamuru chochote katika chumba kile. Nilidhani litanichoma. Palikuwa na kazi nyingi mno.

Mkono wa tatu wa mashine uligeuka na kunibana vidole kwenye ukingo wa meza. Simran hakujua, hawezi kuona nje. Nilisema, "Rudisha wa tatu," akarudisha. Zubeda aliona. Nikamtikisia kichwa asiseme.

Kisha damu. Mshipa wa juu ya tezi ulifunguka na picha yote ikawa nyekundu.

"Nyonya," akasema Simran. Nikanyonya. Haikutosha. Sauti yake ilipanda kidogo. "Siuoni. Daktari, siuoni."

Mkono wangu ulitaka kisu. Naandika kama ulivyokuwa. Kufungua tumbo, kuingiza ngumi, kuminya. Najua kufanya hivyo nimefumba macho. Daktari wa nusukaputi alinitazama juu ya pazia, akingoja neno langu, kwa sababu bado mimi ndiye mkuu wa idara.

"Uko kushoto kwako, chini ya mafuta," nikasema. "Naukandamiza. Usiharakishe."

Nikaukandamiza na kile kifaa. Nyekundu ikawa waridi, ikawa safi. Akauona. Akapiga mshono mmoja, akaongeza wa pili. Nikaachia. Pakabaki pakavu.

Simran aliomba dakika moja. Nikasikia kwenye spika akipumua.

Tezi ikatoka. Akaanza kuunganisha kibofu na njia ya mkojo. Nilitazama kwenye skrini. Uzi ukienda nyuma, pale pangu pa kuvuja, ukarudi mbele. Kila alipovuta, nyama ilikaribia weupe na kuishia hapo. Sikupata la kumsahihisha.

Zubeda akaingiza maji kwa mrija. Kibofu kikajaa. Sote tukangoja.

Sehemu moja ya moyo wangu ilitaka kivuje. Ndogo, lakini ilikuwepo, na niliisikia wazi. Naiandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu.

Hakikuvuja.

Simran alitoka kwenye konsoli, alama ya kioo imemkaa kwenye paji la uso. Akaona mkono wangu, vidole vimekuwa vya zambarau. Akauliza ni lini. Nikamwambia mapema.

"Si ungesema."

"Nilisema. Nilisema rudisha wa tatu."

Alikwenda mwenyewe kutafuta barafu.

Jumapili, 1 Juni

Mapumziko. Mifupa haijavunjika, picha imeonyesha. Rose ananikatia nyama kama mtoto. Ametaka kujua ni nani aliyenipiga. Nilipomwambia ni mashine alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Jumanne, 3 Juni

Mkurugenzi anataka ripoti. Roboti ibaki au irudi. Neno langu ndilo litakalofuatwa, alisema, na alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa vizuri. Labda alidhani nitalipiza.

Nilikuwa na sababu za kuikataa. Baadhi ni za kweli. Haihisi. Ikiharibika, fundi anatoka mbali. Inabana watu vidole. Niliziandika zote ukurasa wa kwanza na zilisomeka vizuri. Mtu asiyejua angekubaliana nami.

Nikaandika upya. Ibaki. Simran aisimamie. Mtihani wa makoo usilegezwe kwa mtu yeyote, wa cheo chochote. Mimi nitaendelea kupasua kwa mkono wale ambao mashine haiwafai, na nitasimama mezani kwa wengine mpaka wapatikane wasaidizi wa kutosha.

Nikatia sahihi. Ilikuwa mbaya, vidole havijanyooka.

Jumatatu, 9 Juni

Baridi. Ukungu mpaka saa nne.

Bwana Ondiek alikuja kutolewa mrija. Simran alikuwa ndani na mgonjwa wa pili wa roboti, na leo msaidizi wake ni daktari mwingine. Nikautoa mimi. Vidole vinafanya kazi. Nilimpa maji, akanywa, akatembea koridoni na mkewe, akanywa tena. Kalamu zake hakuzileta.

Baada ya muda akaniashiria. Nikampeleka msalani, akafunga mlango, nami nikasimama nje. Hapa huwa hakuna cha kufanya. Unasimama tu mlangoni, mzee na koti jeupe, unasikiliza.

Kimya. Kimya kirefu. Mkewe alikuwa ameshika blanketi.

Kisha mkojo ukatoka. Mwanzoni kidogo, halafu kwa nguvu, bila kukatika. Ukaisha wenyewe. Nikangoja kusikia matone ya baadaye. Hayakuwepo. Akafungua mlango, suruali kavu, akasema tu, "Sawa."

Nilikwenda kumwambia Simran. Alikuwa kwenye konsoli, viatu kando, uso ndani, amefika kwenye kushona. Nikasimama nyuma yake, nikangoja amalize.